Tangu baba yake afariki, mwanangu si yule niliyemjua

SWALI

Assalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Tanga mjini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo, na miezi 10 iliyopita alifariki kwa ajali ya barabarani akiwa safarini kuelekea Tunduma.

Habari zilipofika nyumba ilijaa watu, na wazee wa familia wakaona ni bora mtoto wetu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 8, apelekwe Muheza kwa shangazi yake ili asione maiti wala asisikie vilio. Aliambiwa kwamba baba amesafiri na atachelewa kurudi. Alikaa huko mpaka arobaini ikapita, na aliporudi alinikuta nimo ndani ya eda. Siku chache baadaye mtoto mwenzake alimwambia madrasa kuwa baba yake amekufa na amezikwa. Alikuja mbio kuniuliza kama ni kweli, nikashindwa kumjibu, nikaangua kilio, na bibi yake akamshika mkono akamtoa chumbani. Tangu siku hiyo hajauliza tena.

Sasa ana miaka 9 na yuko Darasa la Nne. Amerudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 3. Hawezi kulala peke yake, na nikichelewa kurudi sokoni humkuta amesimama mlangoni akitetemeka. Asubuhi za shule tumbo humuuma, lakini Jumamosi haliumi. Shuleni anapigana na wenzake, na mwalimu wake amemchapa mara kadhaa kwa ukorofi. Kinachonichanganya ni kwamba saa nyingine humwona akicheza mpira na kucheka kana kwamba hakuna lililotokea, hata ndugu wa mume wangu wanasema kuwa huyu hana majonzi yoyote, ni utundu tu. Ami yake humwambia kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba na wanaume hawalii. Usiku hulala na msuli wa marehemu baba yake chini ya mto, na mama mkwe anataka nguo hiyo itolewe sadaka na mtoto apelekwe kwa mganga, kwani anaamini amepatwa na shetani.

Wiki iliyopita tukiwa tunakula alisema, "Natamani niende aliko baba." Mwili wangu wote ulikufa ganzi. Sijui pia kama hili lina maana, lakini alfajiri baba yake alipoondoka mara ya mwisho, mtoto alikataa kumuaga kwa sababu alikuwa amenuna, hakununuliwa viatu vya mpira.

Kwa dada yake, mwenye miaka 15 na yuko kidato cha pili, namshukuru Mungu sina tatizo. Amekuwa mtu mzima ghafla. Huamka saa 10 alfajiri kunisaidia kupika maandazi ninayouza tangu nitoke eda, hajawahi kulia mbele yangu, na ingawa amekonda na hali vizuri, hakuna kazi anayoiacha. Mimi mwenyewe najikaza, na nikizidiwa hulia bafuni watoto wakishalala.

Nifanyeje na huyu mwanangu wa kiume?

Mama wa wawili, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana kwa msiba, na Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo.

Nitaanza na maneno yaliyokutisha, kwa kuwa hayo hayawezi kusubiri. Mtoto wa miaka 9 anaposema anatamani kwenda aliko baba yake, mara nyingi anachotamani ni kuwa na baba tena, na hana neno jingine la kuielezea hamu hiyo. Hata hivyo hatuwezi kulijua hilo kwa kukisia, inatupasa kumuuliza. Kaa naye mahali penye utulivu, umwambie kwamba ulisikia alichosema mezani na hukukasirika, kisha umuulize kwa maneno ya wazi kama anamaanisha anamkumbuka sana baba, au huwa anafikiria kufa au kujidhuru. Usiogope kwamba swali hilo litampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo. Wanaofanya kazi na watoto wenye huzuni nzito wanajua kuwa kumuuliza mtoto waziwazi hakumpi wazo hilo, bali humpa ruhusa ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akisema kuwa anafikiria kufa, au akieleza namna ambavyo angefanya, au akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake hata kidogo. Wakati huohuo, bila kutangaza sababu, dawa za kumeza, sumu ya panya na dawa za wadudu zote zifungiwe mahali asipopafikia mtoto yeyote wa nyumba hiyo.

Sasa nirudi nyuma, mpaka ile safari ya Muheza. Wazee walimwondoa kwa upendo, na wewe ulikuwa katika hali ambayo hakuna mtu wa kukulaumu. Lakini angalia mambo yalivyokuwa kwa upande wa mtoto. Aliambiwa baba amesafiri, na baba yake kazi yake ilikuwa kusafiri, na kila safari aliyowahi kuifanya ilikuwa na siku ya kurudi. Akasubiri zaidi ya mwezi mzima. Kisha ukweli akaupata kwa mtoto mwenzake, na alipokuja kwako kuuthibitisha, mlango ukafungwa. Hapo alijifunza mambo mawili: kwamba watu wazima wakisema fulani amesafiri huenda hatarudi tena, na kwamba kuuliza habari za baba kunamliza mama. Ndiyo maana unapochelewa sokoni yeye hutetemeka mlangoni, na ndiyo maana hajauliza tena. Mimi sioni utundu hapo.

Watoto walio chini ya miaka 5 kwa kawaida hudhani kifo ni kitu kinachoweza kugeuka, kwamba aliyekufa ataamka. Kuanzia kama miaka 5 hadi 7 huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hausikii maumivu, njaa wala baridi, na kwamba kila kiumbe siku moja atakufa. Mwanao kwa umri wake anaweza kuyaelewa haya yote, ila hakuna aliyemketisha akamwambia. Kwa hiyo mwambie sasa, miezi 10 haijawa kuchelewa. Tumia neno "amekufa" au "amefariki" na uliseme waziwazi. Maneno kama "amelala" au "amesafiri" yana heshima masikioni mwetu sisi wakubwa, lakini mtoto huyachukua kama yalivyo, akaogopa kulala na akaogopa kila anayeshika begi. Mweleze kwamba lori la baba lilipata ajali, mwili wake ukaumia sana mpaka haukuweza kuendelea kuishi, na kwamba amezikwa mahali fulani. Mwombe radhi kwa kuambiwa amesafiri, na umwambie kwamba wakubwa waliogopa kumuumiza. Yale mnayoamini kuhusu roho na Akhera mwambie pia, kwani ni faraja kubwa, lakini yaje baada ya ukweli wa mwili na yasichukue nafasi yake.

Na umeniuliza kama ile habari ya viatu vya mpira ina maana. Dada yangu, katika barua yako yote hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wa umri huu bado anaweza kuamini kwamba mawazo na hasira zake zinaweza kusababisha mambo kutokea. Alinuna, akakataa kumuaga baba, na baba hakurudi. Huenda kwa miezi 10 amekuwa akijiona yeye ndiye aliyemuua, na huenda ngumi anazorusha shuleni zinatoka huko. Usisubiri aseme, kwa sababu wengi hawasemi kamwe. Anza wewe. Mwambie kwamba unaikumbuka alfajiri ile, kwamba watoto wote hununa na baba alilijua hilo, kwamba kununa hakuwezi kuangusha lori, na kwamba baba aliondoka akimpenda. Ukikumbuka neno lolote la upendo ambalo mumeo alilisema kuhusu mtoto huyo katika safari ile, kwa simu au kabla ya kuondoka, mpe neno hilo, maana atalitunza maisha yake yote. Kisha rudia maelezo haya wiki ijayo, na mwezi ujao, kwa sababu hatia ya namna hii haiondoki kwa mazungumzo ya siku moja.

Kuhusu kucheza na kucheka, nawaomba ndugu wa mumeo wamsikilize mtoto kwa namna nyingine. Huzuni ya mtu mzima hufanana na masika, mawingu yakatanda siku nyingi mfululizo. Huzuni ya mtoto ni kama vuli, hunyesha kwa kishindo, kisha jua likatoka, kisha ikanyesha tena. Moyo wa mtoto hauwezi kuchukua majonzi saa zote, na mchezo ndio anaopumzikia. Naye ami yake, ambaye bila shaka anampenda, ana kazi bora zaidi ya kumkataza kulia. Mwombe amchukue mtoto siku ya Ijumaa wakalizuru kaburi la baba yake, kama mtoto mwenyewe atakubali. Amweleze njiani watakachokiona, amwonyeshe palipo kaburi, wasome dua pamoja, na kama machozi yatamtoka ami, yamtoke tu mbele ya mtoto. Mwanao alikosa mazishi, na kuona mahali alipolazwa baba yake kunaweza kumpa alichonyimwa siku ile. Na lile neno la "mwanamume wa nyumba" liachwe kabisa. Yeye ni mtoto wa Darasa la Nne.

Msuli mwachie. Kulala na nguo yenye harufu ya mzazi aliyefariki ni jambo la kawaida kwa watoto, wala halimvuti marehemu wala halimzuii kupumzika. Kama mama mkwe anataka kutoa sadaka, nguo nyingine zitolewe, na huo msuli ubaki chini ya mto mpaka siku mtoto mwenyewe atakapouweka kabatini. Kuhusu mganga, nasema kwa heshima zote kwa mama yetu ambaye naye amefiwa na mwanawe: kisomo na dua nyumbani ni faraja, na hazigombani na hospitali hata kidogo. Nisichokikubali ni mtoto kufukizwa, kuchanjwa, kupigwa au kufungiwa ili kitu kimtoke, na nisichokikubali zaidi ni kumwambia mtoto mwenye huzuni kwamba ndani yake mna shetani. Ana hatia ya kumtosha tayari.

Kukojoa kitandani kunahitaji vipimo kabla ya maelezo ya moyo. Mtoto aliyekwisha kuacha kwa miaka mingi kisha akarudia anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu cha muda mrefu, au kisukari, hasa kama anakunywa maji mengi na anakonda. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo na sukari, na tumbo nalo waliangalie. Majibu yakiwa mazuri, kama ninavyotarajia, basi mjue kwamba hofu na huzuni ndizo zinazokojoa. Asichapwe, asiitwe kikojozi, na shuka zake zisianikwe mahali ambapo wenzake watazicheka. Aende chooni kabla ya kulala, na kwa sasa alale karibu na wewe au dada yake, hilo halitamharibu. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na asiyelala huamka na hasira.

Shuleni nenda wewe mwenyewe, usisubiri kuitwa mara nyingine. Mweleze mwalimu mkuu kwa faragha jinsi mtoto alivyofiwa na jinsi alivyopata habari, na uombe mambo mawili tu: kuwe na mwalimu mmoja, ikiwezekana yule wa malezi na unasihi, ambaye mtoto anaweza kumwendea akizidiwa, na viboko visitumike. Una haki ya kulisema hili la pili. Kanuni za serikali zinampa mamlaka ya kuchapa mwalimu mkuu peke yake, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena kwa viboko visivyozidi 4 na vinavyoandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu, kwa hiyo mwalimu wa darasa hana ruhusa ya kuchapa kila anapoona ukorofi. Na hata pale kanuni zinaporuhusu, fimbo haijawahi kumponya mtoto aliyefiwa.

Je, anahitaji mtaalamu? Nadhani ndiyo. Huzuni ya msiba yenyewe si ugonjwa, lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ambapo majonzi makali hudumu zaidi ya miezi 6 na kuzuia maisha ya kila siku, nawe umefika miezi 10. Kwenu Tanga anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uulize huduma za afya ya akili, au umwone afisa ustawi wa jamii akuelekeze. Pia kuna namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo mzazi au mtoto anaweza kuipiga bila malipo. Msaada wenyewe haumaanishi lazima dawa. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, katika maeneo manne, yaani mjini na vijijini kwa kila upande, watafiti walifuatilia watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi na waliokuwa na dalili za kiwewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana kwa vikundi na wanasihi ambao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofundishwa kazi hiyo, na walezi wao wakawa na vikao vyao. Watoto walifundishwa kutuliza mwili, kuzungumzia kifo chenyewe badala ya kukikwepa, kuchambua mawazo ya kujilaumu, na kumkumbuka mzazi kwa mema. Vikao vilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Naligusia jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mazungumzo yale yale ninayokuomba uyaanze nyumbani.

Wewe nawe, dada yangu, toka bafuni. Simaanishi umlilie mtoto kila siku ili akubembeleze, lakini akikuona unatokwa na machozi, kisha unayafuta, unamwambia "nimemkumbuka baba yako," na jioni unakula naye, atajifunza kwamba huzuni inasemeka na haiui. Ukificha kila chozi, naye atajifunza kuficha. Kuna mtu mmoja nyumbani kwako aliyekwisha kujifunza hivyo.

Hukuniuliza habari zake, bali uliniandikia mistari michache ya kumshukuru Mungu, na mimi nimeirudia mistari hiyo mara nyingi kuliko mengine yote. Binti wa miaka 15 aliyefiwa na baba, asiyelia, aliyekonda, asiyekula vizuri, anayeamka saa 10 alfajiri kila siku kabla ya shule, huyo naye yumo msibani. Kwa miezi 10 watu wamemsifu kwa kuwa mtu mzima, na kila sifa imemfungia mlango wa kusema kwamba amechoka. Kwa vijana sonona mara nyingi haionekani kama kilio. Huonekana kama ukimya, kukosa hamu ya chakula, usingizi mbovu, hasira za ghafla, au kujitumbukiza kwenye kazi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na wengi wao hawatambuliwi, kwa sababu hawamsumbui mtu. Kaka yake anapigana, akaitwa mkorofi, akaandikiwa barua. Yeye anapika maandazi.

Kwa hiyo yale niliyokuambia kwa mdogo wake yafanye na kwake, kwa lugha ya umri wake. Muulize alivyojisikia siku ile, nani alimpa habari, na ni kitu gani ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Muulize pia, kwa uwazi ule ule, kama huwa anatamani asingekuwepo. Mnapokwenda hospitali, nendeni wote watatu. Kazi ya alfajiri tafuta namna ya kuipunguza, hata kama ni kupika unga mdogo zaidi kwa miezi michache, au kumlipa kijana wa jirani akusaidie, kwa sababu kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wake wa ujana humchelewesha kusinzia usiku, hivyo hawezi kufidia kwa kulala mapema. Asiondolewe kazi zote kwa mara moja, maana huenda kazi ndiyo iliyomshikilia asianguke. Abaki na zile za mtoto wa nyumbani, na azione kuwa ni msaada, si nguzo ya nyumba.

Usiku huu, kabla hajatega kengele ya simu, mwendee kitandani. Mwambie kwamba kesho maandazi utayapika mwenyewe, kisha usiondoke. Kaa pembeni yake hata kama hatasema neno.